Rachel Mwanza: kutoka barabarani hadi tuzo la Berlin

Mwaka wa 2012, binti mwenye alikuwa analala mu barabara za Kinshasa alipewa huko Berlin, Ujerumani, tuzo la muigizaji bora mwanamke. Ni Rachel Mwanza. Jamaa walimufukuza nyumbani wakisema ni mulozi, na hakukuwa amesomea kuigiza.

Mu filamu «Rebelle» ya Kim Nguyen, yeye ni Komona, mtoto wa miaka 12 mwenye kutekwa na waasi na kupewa bunduki. Hapa Sake na Masisi, bakadogo tunawajua. Hakuna haja ya kuelezwa.

Wengi wanasema Rachel alipata bahati. Ni kweli, lakini maibobo wengine hawatakutana na mutengenezaji wa filamu. Kinachowabakia ni sheria ya tarehe 10 Januari 2009: kifungo cha mwaka 1 hadi 3 kwa mwenye kumushitaki mtoto ulozi, na miaka 10 hadi 20 kwa mwenye kumuingiza mu jeshi ao kikundi cha silaha. Tatizo, mtoto akitupwa inje, mara mingi majirani tunanyamaza, tukisema ni mambo ya jamaa. Tuanzie hapo.