Waliobaki porini nao wafanyiwe kilio

Hapa Lubumbashi tunajua kulia pamoja. Mtu akifa Katuba, Kenya ao Ruashi, maiti haijatoka hospitali, viti vimekwisha kuletwa. Wanaume wanawasha moto nje, wamama wanakaa chini kwenye mikeka pamoja na mjane, daftari ya michango inazunguka. Hakuna anayemwacha mjane alale peke yake.

Sasa mfikirie mama aliyekimbia usiku na watoto, bwana yake akabaki nyuma, na hakuweza kurudi kumzika. Kilio chake kilikaliwa wapi?

Wamama wa namna hii tunao kati yetu. Maimai Bakata Katanga walipochoma vijiji vya Manono, Mitwaba na Pweto, sehemu ile iliitwa pembetatu ya kifo. Mwanzoni mwa 2012 wakimbizi wa ndani wa Katanga walikuwa karibu 50 000. Mwisho wa 2013 Umoja wa Mataifa ulihesabu karibu 400 000. Wengi walirudi kwao, wengine wakabaki mjini. Tena, tangu Goma kuchukuliwa Januari 2025, jamaa za kutoka Kivu nazo zimetufikia.

Niliongea na mama mmoja anayeuza makala Ruashi, mtu wa upande wa Mitwaba. Juu ya bei ya gunia na minerval ya watoto alisema bila shida. Nilipouliza juu ya bwana yake, alinyamaza, akaanza kupanga makala upya, moja moja. Kisha akaniambia kwamba majirani hawajui hata kama yeye ni mjane. Hakuvaa nguo nyeusi, hakuna aliyemletea pole. Miaka zaidi ya kumi imepita, lakini mlango ukigongwa usiku, anaamka na kutafuta viatu.

Sisi tunawaambia nini? «Sahau, mama, shukuru Mungu uko mzima.» Tunafikiri tunawafariji, kumbe tunawanyamazisha. Mtu hasahau kwa kuamriwa. Machozi yaliyozuiwa yanarudi kwa njia nyingine: kukosa usingizi, moyo kupiga mbio, hasira juu ya watoto.

Gédéon Kyungu Mutanga, kiongozi wa Bakata Katanga, alihukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi 2009, akatoroka gereza la Kasapa Septemba 2011. Alipojisalimisha Oktoba 2016, alipokelewa hadharani na wakubwa. Yeye alipata mapokezi. Wajane wa pembetatu hawakupata hata mkeka wa kulilia.

Kwa hiyo naomba jambo linalowezekana. Parokia, makanisa na wakubwa wa vikao vya mitaa wachague siku moja, tuwafanyie kilio wote waliozikwa bila watu wao. Tulete viti, moto, bukari. Majina yasomwe kwa sauti. Asilazimishwe mama yeyote kueleza yaliyompata, kwa maana kuna mambo ambayo hawezi kuyasema mbele ya shemeji wala mbele ya mikro yangu. Kukaa naye tu kunatosha.

Mtu atasema: watu wana njaa, wewe unaleta kilio? Ndiyo. Kwenye kilio ndipo daftari inapozunguka, ndipo majirani wanapojua nani ana watoto wangapi na nani analala bila kula. Asiyejulikana kuwa mjane hasaidiwi kama mjane.

Lakini kilio hakichukui nafasi ya muganga. Mama asiyelala miezi mingi apelekwe kutunzwa. Hapa mjini tuna kituo cha Joseph Guislain cha Mabruda wa Upendo, na kwenda kule si kuwa mwenda wazimu. Serikali nayo ina deni: sheria ya Desemba 26, 2022 inatambua haki ya wahanga ya kulipwa fidia, na FONAREV iliundwa kwa kazi hiyo. Iwatafute wamama hawa kwenye masoko yao, isiwangojee ofisini.

Kabla ya hayo yote, wiki hii muulize jirani yako aliyekimbia vita jina la mtu wake aliyebaki kule. Akikuambia, usimwambie asahau. Chukua kiti, ukae naye.