Mbwa Aliyefunzwa

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na Waislamu wa huko leo wanaishi na majirani wafugao mbwa. Sisi Washafii mate yake twayaosha mara saba, moja kwa udongo. Lakini Polisi ya Kenya ina kikosi cha mbwa tangu 1948, na hapa kwetu, bandarini Mombasa, mbwa hunusa pembe za ndovu.

Aya ya nne ya Surat al-Maida yahalalisha windo la mnyama aliyefunzwa. Basi mafunzo yana hadhi yake. Mimi mwenyewe mbwa namuogopa, sifichi. Ila askari Mwislamu akikabidhiwa kamba ya mbwa, tusimkimbie msikitini. Mwajiri ampe maji, udongo na nguo ya kubadili kabla ya sala.