Moto si yangu, juu ya nini miye njo nalipa asiransi?

Bandugu vijana wa Likasi, Kikula, Panda na Shituru,

Miye nilimaliza iniversite. Diplome iko ku kabati, kazi hakuna. Njo maana naendesha moto ya mutu mwingine, kila mangaribi napeleka pesa ya siku kwa patro. Juzi asiransi iliisha. Nikamuambia. Akajibu: «Wee njo unaendesha, wee njo utalipa.» Nililipa na pesa ya chakula. Karatasi ikatoka na jina yake.

Tuseme wazi: hii ni unyonyaji.

Sheria si mupya. Tangu tarehe 5 Januari 1973, inchi yetu inalazimisha motokari na moto kuwa na asiransi ya kulipa batu benye zinaumiza. Zamani SONAS ilikuwa peke yake kwa soko. Sheria ya bima ya 2015 ikafungulia makampuni mengine mulango. Ni muzuri. Lakini kampuni ikuwe moja ao kumi, ulizo ni ile ile: nani analipa?

Wengine wanasema mwenye kutumia kitu njo analipa. Sawa, esanse tunalipa, pancha tunalipa. Lakini asiransi inafuata moto, haifuate mutu. Kesho patro akininyanganya moto na kumupa mwingine, ile ya mwaka muzima nililipa inaenda naye. Tena, nikigonga mutu, inamulipa yule mutu na inamukinga patro kwa deni. Miye, mguu ikivunjika kwa kosa yangu, hainipe hata pesa ya dawa.

Hatusemi tuendeshe bila asiransi, hapana! Ule tunabeba nyuma ni mama ya mutu.

Tunaomba hivi:

1. Patro alipe asiransi. Kama sisi tunatanguliza, aikate ku pesa ya siku.
2. Mapatano yaandikwe, pande mbili zitie sinyatire.
3. Makampuni yauzishe bima ya mwili wa mwenye kuendesha, tulipe kidogo kidogo.

Kesho asubui, mbele ya kupanda moto, uliza patro: asiransi iko wapi, na nani ameilipa? Mumoja akiuliza, atamufukuza. Tukiuliza mji muzima, moto zao zitaendeshwa na nani?