Sauti za Bondeni Zisiliwe na Vumbi

Sisi watu wa pwani tuna kiburi kimoja ambacho leo nataka kukisema hadharani, kwa kuwa na mimi nilikuwa nacho. Mwenzetu akitoka Mombasa au Lamu akenda kuishi bara, twamhesabu kuwa amepotea. Watoto wake wakija kututembelea twacheka Kiswahili chao. Na akitwambia kuwa huko aliko kuna maulidi, na harusi za hina na vigelegele, twamwitikia "Mashallah" kwa adabu, kisha twageuza maneno.

Nilikuwa na fikira hizo nilipokwenda Nakuru kumzuru shangazi yangu wa mbali, mjane mwenye umri mkubwa, mtaani Bondeni. Baada ya chakula alinitolea sanduku la bati lililojaa kaseti. Nyingine zilikuwa za marehemu Juma Bhalo na marehemu Zein l'Abdin, zilizonunuliwa Mombasa na kupandishwa gari la moshi. Hizo nilizitazamia. Lakini aliyoichagua yeye haikuwa ya dukani. Ilikuwa ya harusi ya dada yake, iliyorekodiwa uani papo hapo Bondeni kwa redio kaseti ya kuazima.

Nikasikia mtoto akikemewa asiguse mashine. Kwa mbali likapiga honi gari la moshi. Kisha wanawake wakaanza kuimba, na lahani ilikuwa ya kwetu, naijua tangu utotoni, ila maneno yalikuwa mapya kabisa: baridi inayoshuka kutoka Menengai, heroe wa ziwani, bwana arusi aliyechelewa kwa sababu ya zamu ya reli. Shangazi akalia. Nami nikamwambia, kwa ujinga wangu, kuwa pwani haisahauliki. Akanitazama. "Mwanangu, mimi Mombasa nimekwenda mara tatu, na joto lake sikuliweza. Nawalilia hawa."

Waama, nilitahayari. Nilidhani wenzetu wa huko wanaishi kwa kuikumbuka pwani tu, kama mtu aliyesimama kituoni akingoja gari la kurudi. Kumbe pwani yenyewe wameipata kwa kusimuliwa, na juu ya masimulizi hayo wamejenga mji wao wa kuukumbuka.

Wala si watu wa jana. Misafara ya pwani ilikuwa ikipita Naivasha na Baringo kabla ya reli kuwako. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, mji ukatangazwa rasmi 1904, na tarehe 1 Desemba 2021 ukapewa hadhi ya jiji. Katika miaka yote hiyo Waislamu walikuwa mjini humo, Waswahili, Wanubi, Wasomali na wengineo, wakioana na majirani na kuzikana. Habari zao zimeandikwa wapi? Vitabuni utawakuta masetla na mashamba yao. Habari za Bondeni zimo katika masanduku ya bati.

Na sanduku haliwezi kungoja. Ukanda wa kaseti ni plastiki nyembamba iliyopakwa chembechembe zenye madini ya chuma, na sauti imeandikwa humo kwa nguvu ya sumaku. Unyevu huilegeza ile gundi, vumbi huukwaruza ukanda, na kila unapochezwa huchakaa kidogo. Nakuru, jina ambalo husemwa kuwa katika Kimaasai lina maana ya mahali pa vumbi, si pahala pema pa kuweka kaseti. (Mombasa nako kuna ukungu, tusijisifu.) Tena kuna adui mwingine, nyumbani mwenyewe: kijana aliyetaka kurekodi mpira wa redioni akaifuta sauti ya bibi yake.

Wako waliolijua jambo hili mapema. Vita vya Korea vya 1950 hadi 1953 viliwatawanya watu, mama huku na mwana kule. Mwaka 1983 shirika la utangazaji la Korea Kusini, KBS, likaanzisha kipindi cha televisheni cha kutafutana jamaa. Kilianza Juni 30 kikaendelea siku 138, saa 453 za matangazo, na jamaa zaidi ya 10,000 wakaonana, nchi nzima ikitazama na kulia pamoja nao. Kanda za kipindi hicho hazikufutwa. Mwaka 2015 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Na Nam June Paik, Mkorea aliyeihama nchi yake wakati wa vita hivyo akaishi Ujerumani na Marekani, aliifanya televisheni yenyewe kuwa chombo cha sanaa. Chombo cha dukani kikitiwa huzuni ya mtu huwa na thamani nyingine. Nasi twalijua hilo tangu 1928, Siti binti Saad alipovuka bahari hadi Bombay kuimba katika santuri.

Basi nikamwomba shangazi anipe kaseti zake nikazinakili Mombasa. Hapo nikakumbana na jambo ambalo sikulifikiri. Wale waliimba uani, wanawake kwa wanawake. Baadhi yao wamekwisha tangulia mbele ya haki. Nani atawaombea ruhusa ili sauti zao zisikizwe na wanaume wasiowajua, achilia mbali kuingizwa katika intaneti? Yuko atakayesema historia ni historia. La hasha, sitara ya mtu haiishi kwa kufa kwake. Wala sikubali kuwa sitara maana yake ni kuziacha zioze. Wanawake wa nyumba wazinakili wenyewe, waandike nani ni nani na mwaka gani, wachague wenyewe ipi ya kusikizwa na watu na ipi ibaki chumbani. Na wazinakili sasa, maana wanaozitambua sauti hizo wanapungua kila mwaka.

Shangazi alinipa kaseti mbili, zote za maulidi ya wanaume, sauti ya marehemu mumewe imo. Ile ya harusi aliirudisha sandukuni akaifunika kwa leso. Yuko mjukuu wake wa kike anayesoma Nairobi, alisema, atakuja siku za Idi na mashine.