Kindu: Kumtupa paka hakuondoi viroboto nyumbani

Mwezi uliopita, jirani yangu mmoja hapa Mikelenge alimtia paka wake ndani ya gunia, akashuka mtoni, akapanda mtumbwi na kumwachilia ng'ambo, upande wa Alunguli. Sababu yake ilieleweka: watoto walikuwa wanaumwa na viroboto usiku kucha, na miguu yao ilijaa vipele. Alirudi akiwa na furaha. Wiki mbili baadaye hali ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Viroboto walikuwa wanaruka hata mchana, na panya walikuwa wamekwisha kutoboa magunia mawili ya mpunga ambayo familia ilikuwa inayangojea bei ipande.

Simcheki. Wengi wetu tungefanya vilevile, na wengine wamefanya vibaya zaidi. Kuna waliompaka paka petroli ya taa. Kuna waliomnyunyizia dawa ya shamba, akafa siku ileile akitetemeka. Neno langu kwa wakaaji wa Kindu ni moja: kiroboto halali juu ya paka peke yake, analala ndani ya nyumba yetu. Tukipigana na paka na kuiacha sakafu, tutashindwa kila mara.

Tuangalie namna mdudu huyu anavyoishi. Kiroboto jike akishanyonya damu ya paka, anaanza kutaga ndani ya siku mbili hivi, na anaweza kufikisha mayai 40 au 50 kwa siku. Mayai hayo hayashiki kwenye manyoya. Yanaanguka pale paka anapopenda kulala: kwenye mkeka, chini ya kitanda, ndani ya nyufa za sakafu ya udongo, pembeni ya magunia. Baada ya siku chache yanatoka vijidudu vyembamba kama minyoo midogo. Vinakimbia mwanga, na chakula chao kikubwa ni mavi makavu ya viroboto, ambayo ni damu iliyokauka. Kisha kila kimoja kinajifunga ndani ya kifuko kinachonata vumbi na mchanga, hata jicho lisikione. Dawa haiingii humo vizuri. Kiroboto anaweza kungoja ndani ya kifuko hicho miezi mizima, mpaka asikie mtikisiko wa miguu, joto au pumzi. Ndipo anaruka.

Ndiyo maana mtu anayerudi kutoka safari ya miezi miwili na kufungua nyumba iliyokuwa tupu anashambuliwa mlangoni. Na ndiyo maana watoto wa jirani yangu waliumwa zaidi: viroboto waliotoka baada ya paka kwenda walimkosa paka, wakawakuta wao. Wataalamu wa wadudu wanakadiria kwamba viroboto wakubwa tunaowaona juu ya mnyama ni kama 5 tu kwa kila 100. Waliobaki ni mayai, vijidudu na vifuko vilivyo chini ya miguu yetu. Tena kwetu, karibu na Lualaba, joto na unyevu wa hewa vinawafaa sana.

Basi kazi ianzie chini. Toeni mikeka, matandiko na mbao za kitanda nje, zikae kwenye jua kali mchana wote, kwa sababu vijidudu vile havivumilii jua wala ukavu. Nguo za kitandani na kitambaa anacholalia paka zifuliwe kwa maji ya moto na sabuni kila wiki. Fagieni kila siku, hasa chini ya vitanda na kwenye pembe za ukuta, na taka zile msizimwage nyuma ya nyumba: zichomeni au zimwagieni maji yanayochemka. Sakafu ya sementi ioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Sakafu ya udongo izibwe nyufa zake na isiribwe upya kwa udongo laini, kwa kuwa kila ufa ni chumba cha kuzalia.

Paka naye asisahauliwe. Mchaneni kwa kichanuo chenye meno ya karibu karibu, hasa shingoni na kwenye mzizi wa mkia, na kila kiroboto atakayetoka azamishwe kwenye bakuli la maji ya sabuni. Kama anakubali kuogeshwa, anzeni kumpaka povu shingoni, la sivyo viroboto watakimbilia masikioni na machoni. Mkitaka kujua kama bado anao, chukueni vijipunje vyeusi vilivyo kwenye manyoya yake, viwekeni kwenye karatasi nyeupe iliyolowa. Vikitoa rangi nyekundu, ni mavi ya kiroboto.

Kazi hii ifanywe siku moja kwa wanyama wote wa kiwanja. Kiroboto wa paka anamuuma mbwa pia, na hata mbuzi. Tena isiachwe baada ya wiki moja. Kwa joto letu, yai linaweza kuwa kiroboto mkubwa ndani ya wiki tatu au nne, na vifuko vinaendelea kufunguka baadaye. Anayetaka kushinda ahesabu miezi miwili au mitatu. Wengi wanachoka siku ya kumi, halafu wanasema viroboto hao wamerogwa.

Kuhusu sumu nitasema wazi. Dawa ya shamba inayouzwa ndani ya chupa ndogo isiyo na karatasi si dawa ya nyumba ambamo mtoto anatambaa. Na dawa ya mbwa si dawa ya paka. Nyingi zina permetrini. Mbwa anaivumilia, lakini mwili wa paka hauwezi kuivunja, na kiasi kidogo cha ile kali kinaweza kumuua. Paka anajilamba mchana kutwa, kwa hiyo chochote tunachompaka anakila. Mwenye faranga za kununua dawa amwulize kwanza mganga wa mifugo, na anunue ile iliyoandikwa kwamba ni ya paka.

Kuna atakayesema kwamba viroboto ni jambo dogo katika mji wenye shida nyingi za maji na umeme. Sikubali. Mtoto anayekuna usiku kucha halali, na kesho yake hasomi. Vidonda vya kukuna vinaingia uchafu. Mtoto akimmeza kiroboto bila kujua, anaweza kupata minyoo ya tegu. Wenzetu wa Ituri wanajua uzito wa jambo hili, maana huko ugonjwa wa tauni, unaoletwa na viroboto wa panya, umekuwepo tangu miaka ya 1920. Sisemi kwamba tauni iko Kindu. Nasema kwamba anayemfukuza paka anawaita panya, na panya hawaji bila viroboto wao. Wazee walisema: paka akiondoka, panya hutawala. Katika jimbo linalolima mpunga kama Maniema, methali hiyo inapimwa kwa magunia.

Kweli, maji ni taabu na nyumba nyingi ni za udongo. Lakini jua ni la bure, ufagio tunao, na udongo wa kusiriba unapatikana. Anayenunua chupa ya sumu kila mwezi ndiye anayepoteza pesa.

Ninaomba mambo mawili. Mashefu wa avenyu, tunapofanya salongo tusiishie kwenye mitaro na majani ya barabarani. Tupange siku moja ambayo avenyu nzima inatoa vitanda na mikeka nje, kwa sababu paka na panya hawajui mpaka wa kiwanja. Na huduma ya mifugo ya jimbo izungumze na raia kwenye redio, na ifuatilie sokoni hizo chupa zisizo na jina.

Jirani yangu sasa anatafuta paka mwingine. Nimemwambia asiharakishe: kwanza asiribe ile sakafu.