Utupa si dawa ya minyoo ya samaki

Mwandishi, katika makala yako ya dawa za mimea kwa minyoo ya samaki umeuruka mmea wa utupa, na huo ndio unaonitia hofu. Sisi wa Katuba, hapa Lubumbashi, wenye vibwawa vya tilapia upande wa mto Kafubu tunaujua vizuri, Wabemba wanauita ububa. Ponda majani, tia majini: samaki wanapanda juu wakihema, kisha wanalala ubavu. Ni sumu ya rotenoni hiyo, inauzuia mwili kutumia oksijeni. Wazee waliuvulia mtoni. Basi anayekwambia "ni majani tu, hayadhuru" atakumalizia bwawa kwa asubuhi moja. Hata mwarobaini ukizidi unaua vifaranga.

Kitunguu saumu nakiunga mkono, majaribio kadhaa yameonyesha kinapunguza minyoo ya matamvua. Lakini jamani, kwanza mfunueni samaki shavu mtazame. Matamvua yaliyopauka na kujaa ute yanaweza kuwa na minyoo, au maji yenu tu ni machafu, na hapo dawa haisaidii kitu. Jaribuni kwenye beseni, samaki wachache, kabla ya kumwaga bwawani.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) wameshaichunguza minyoo hii ya matamvua. Naomba watupangie hata siku moja kwa mwezi, tuwaletee samaki wetu wawapime kwa darubini.