Saratani ya ovari: Pwani isiachwe nyuma

Majaribio ya dawa mpya za saratani sugu ya ovari yanafaa kuwafikia wanawake wa Pwani ya Kenya, hadi kijijini Mambrui, badala ya kuwangojesha dawa zikamilike ng'ambo.

Tangu Marekani ilipoidhinisha sisplatini mwaka 1978, tiba imeegemea madini ya platinamu. Dawa hiyo hung'ang'ania DNA ya seli ya saratani, ikaizuia kugawanyika. Lakini seli nazo zina ujanja: huitema dawa, au hukarabati palipoharibiwa. Ugonjwa ukirudi kabla ya miezi 6 tangu tiba kwisha, huhesabiwa kuwa sugu. Ndipo wanasayansi wakageukia madini mengine, ikiwemo rutheniamu na hata dhahabu, ambayo huku tumeizoea shingoni.

Uwezo wa kuyafanya majaribio hayo huku upo. Mji wa Kilifi una kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust na Chuo Kikuu cha Pwani, na kutoka Mambrui si hata kilomita 100.

Ila dawa mpya haitamfaa anayegunduliwa mwishoni, baada ya kudhani tumbo limejaa gesi tu.

Wenye dhamana ya afya watenge fedha za majaribio, wapeleke uchunguzi vijijini, na wahakikishe karboplatini, nayo dawa ya platinamu, haikosekani Pwani.